Ndege Niliyoishona

Kaka yangu Amsey alijua tangu mwanzo kwamba ninashona ndege ya vita, ila neno lenyewe hakulitamka hata mara moja. Aliiita "hiyo shughuli yako." Jumapili baada ya ibada alikuwa akija kula kwangu, na akiniona najinyoosha mgongo husema, "Hiyo shughuli yako itakupinda, Lovina," kisha anavuta kiti na kusubiri supu.

Aliyenipeleka huko ni marehemu mume wangu, Russell. Alikuwa fundi wa matrekta, na alipostaafu akaanza kushinda kwenye banda moja la ndege nje ya mji wetu, ambako wastaafu wenzake walikuwa wakiifufua ndege iliyookotwa vipande vipande kwenye shamba la mtu huko Saskatchewan. Ilikuwa ndege ya rubani mmoja, aina ya Hurricane, iliyoundwa hapahapa Kanada wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Jina hilo maana yake ni kimbunga, na ndivyo tulivyoiita pale bandani, Kimbunga, kama unavyomwita mtu wa nyumbani.

Russell alifariki kabla hakijawekwa injini. Baada ya mazishi nilikwenda kuchukua vifaa vyake, nikamkuta Bwana Osterhout, rubani mstaafu aliyekuwa mkubwa wa pale, ameinama juu ya mkia wa ndege akiwa na sindano mkononi na damu kwenye kidole.

"Unashona nini?" nikamuuliza.

"Sishoni, mama. Najichoma tu."

Sikuwa nimejua kwamba ndege ya vita ina kitambaa. Nilidhani ni chuma kitupu. Kumbe Kimbunga ni bati sehemu ya mbele na mabawani, lakini kuanzia nyuma ya kiti cha rubani hadi mkiani ni mabomba membamba na fito za mbao, na juu yake kitani kilichoshonwa kwa mkono na kupakwa dawa mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Mimi nimeshona mablanketi ya viraka tangu nikiwa msichana wa shule. Nikamwambia Osterhout, "Hebu sogea." Nikamalizia ule mstari aliouanza, nikafumua na ule aliokuwa ameumaliza, na kwa miaka mitatu kila majira ya baridi nilikuwa bandani na sindano yangu iliyopinda na uzi wangu wa nta.

Jambo hili lilikuwa zito kwa sababu ya kwetu. Sisi ni Wamennonite, na Wamennonite hatushiki silaha. Wakati wa vita baba yetu alikataa bunduki, serikali ikampeleka pwani ya magharibi kupanda miti na kuzima moto msituni, na aliporudi kuna maduka mjini yaliyokataa kumuuzia hata misumari. Mimi nilitoka katika kanisa la wazazi nilipoolewa na Russell, Mluteri. Amsey alibaki. Kanisa lake ni lile ambalo waumini huendesha magari meusi tu, na wanaume huvaa suti nyeusi bila tai na kofia pana. Tena ni shemasi. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo kuwa na dada anayeshona mkia wa ndege yenye mashimo ya bunduki mabawani, ni mzigo, na mzigo huo aliubeba kimya.

Mwaka ule, mwezi wa Juni, Kimbunga kilikuwa kiruke mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kwenye maonyesho makubwa ya ndege karibu na Ziwa Erie. Osterhout aliniletea kibali cha kuingilia, akaniambia wa kwanza kwenye mstari wa mbele ni mimi. Shida yangu ilikuwa macho. Nilikuwa nimetolewa mtoto wa jicho upande wa kulia, la kushoto bado, na dunia ilikuwa na rangi mbili: upande mmoja mpya kabisa, upande mwingine kama chai ya maziwa. Barabara kuu nisingethubutu kuendesha.

Jumapili iliyofuata nikamwambia Amsey kwamba natafuta wa kunipeleka.

"Utampata wapi?" akauliza. "Watu wako wote watakuwa juu ya madude yao."

"Basi nitakwenda mwenyewe, polepole."

"Na hilo jicho moja. Utajikuta Detroit."

Alimega mkate, akaupaka siagi ya tufaha hadi pembeni, akautafuna wote kabla ya kusema tena. "Nitakupeleka. Lakini nitakaa garini."

"Siku nzima? Ukifanya nini?"

"Biblia ina kurasa nyingi."

Tuliondoka Jumamosi alfajiri kwa gari lake jeusi, kikapu cha chakula kikiwa katikati yetu kama mtoto. Amsey anaendesha gari jinsi alivyokuwa akiendesha trekta. Magari yalitupita kwa hasira, naye akawainulia mkono madereva wote, akiwasalimu.

"Wakikuuliza kanisani ulikuwa wapi?" nikamchokoza.

"Nitasema nilimpeleka dada yangu, ambaye ana jicho bovu, mahali alipotaka kuona vizuri."

"Hiyo si nusu ya kweli, shemasi?"

"Ni kweli nzima. Sitaongeza tu maelezo."

Uwanja ulikuwa umefunguliwa tulipofika, na magari yalikuwa yameshajaza shamba zima la majani lililokatwa kwa ajili ya kuegesha. Amsey alishuka, akavunja bua la jani, akalinusa. "Walikata mapema mno," akasema. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaweka kofia kwenye dashibodi na kufungua Biblia. Nikamwachia chupa ya kahawa nikaondoka.

Sijui nieleze vipi nilichokiona nilipovuka lango. Nilikuwa nimezoea ndege moja, tena ndege iliyo vipande; leo mkia, kesho bawa, siku nyingine sakafu nzima imejaa skrubu. Sasa zilikuwa zimepangwa safu hadi jicho linapokoma, na kila moja ilikuwa nzima. Kulikuwa na ndege za mafunzo za manjano, ile manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nyingine zilisuguliwa zikang'aa kama fedha mpaka watu wakajitazama ubavuni mwake na kurekebisha nywele. Jicho langu jipya lilikunywa rangi hizo kwa pupa. Nililifumba la zamani kwa kiganja na kutembea hivyo, mwanamke mzee mwenye kiganja usoni, na hakuna aliyenishangaa kwa kuwa kila mtu alikuwa anashangaa kitu kingine. Watoto walikuwa mabegani kwa baba zao na vifunika masikio vikubwa kuliko vichwa. Nyama ya nguruwe ilikuwa inakaangwa, mahindi yanachemka, na juu ya harufu zote hizo kulikuwa na mafuta ya injini, mazito na matamu, harufu iliyokuwa ikitoka kwenye mashati ya Russell.

Zile za manjano zilikuwa za kwanza kuruka. Ziliondoka mbili mbili zikikwaruza hewa kwa kelele ya msumeno, zikajipanga angani karibu karibu hata nikadhani zimefungwa kamba. Zilipogeuka, ziligeuka pamoja, na jua likaruka kutoka bawa hadi bawa mpaka la mwisho. Mama mmoja mnene aliyeketi karibu nami kwenye kiti cha kukunja alikuwa amesahau kipande cha hindi mkononi. Siagi ilimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Halafu ikaja jeti ya jeshi, ya siku hizi, na hiyo sitaisifu. Ilipita kabla ya sauti yake, na sauti ilipofika ilikuwa kama mbingu inachanwa mithili ya shuka. Huko shambani ving'ora vya magari vikaanza kulia vyote kwa pamoja. Nikamkumbuka Amsey. Nikapitia palepale kwenye umati na kurudi kumtazama.

Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya usukani, kama mtu anayeendesha gari lililosimama.

"Kile kilikuwa nini?"

"Jeti."

"Kimenipita humu," akasema, akijigusa kifua. "Ng'ombe wa watu wa huku hawatatoa maziwa wiki nzima."

Nilifungua kikapu. Tulikula soseji kavu na jibini tukiwa tumeacha milango wazi. Akaniuliza kama ile yangu imesharuka, nikamwambia bado, na kwamba upepo unaanza kukata njia ya kurukia kwa ubavu, jambo lisilopendwa na ndege zenye gurudumu dogo nyuma. Aliitikia kwa kichwa. Upepo anaujua, amelima maisha yake yote.

Tukiwa bado tunatafuna, ilianza ngurumo nyingine. Haikuwa kali kama ya jeti. Ilitoka chini, ikapanda kupitia ardhini na tairi na kiti, na kahawa kwenye kikombe cha Amsey ikafanya miduara. Nikajua ni ile ndege kubwa ya mabomu, ya injini nne, nyeusi tumboni. Iliondoka upande wa mbali ikaja ikiinuka taratibu juu ya shamba la magari, chini sana, na kivuli chake kikatangulia juu ya mapaa, gari baada ya gari, kikija kwetu.

Amsey alishuka. Aliweka kikombe juu ya paa la gari na kusimama. Ndege ikatupita juu kabisa ya vichwa. Niliona misumari bapa kwenye tumbo lake. Niliona michirizi ya mafuta. Nyasi zililala, na kitu kama mkono mkubwa kikanikandamiza mabega kwa upole. Injini nne zilikuwa zikiimba sauti nne tofauti kidogo, na pale zilipokutana palikuwa na pigo, polepole, kama la moyo wa mnyama asiyetuogopa. Ikapita. Kivuli kikapanda mti wa mwisho kikapotea.

Kaka yangu alisimama vile hadi isiposikika tena.

"Wanaume wangapi wanaingia humo?" akauliza.

"Saba."

"Saba," akasema. Akachukua kofia yake kutoka kwenye dashibodi na kufunga mlango kwa ufunguo. Sikumuuliza anakwenda wapi. Tukaenda.

Njiani kuelekea kwenye kamba ya mbele, bwana mmoja mwenye kamera kubwa shingoni alitusimamisha. Kulikuwa na makundi ya waigizaji siku ile, watu waliovaa sare za zamani na magauni ya miaka ya arobaini, na bwana huyu alimtazama Amsey kuanzia viatu hadi kofia kwa furaha ya kweli.

"Mzee, umetia fora. Wewe ni wa kundi gani?"

"La mashemasi," akajibu Amsey.

"Hata kuongea unaongea kama wao. Suti umeipata wapi?"

"Alinishonea mke wangu."

"Basi alijua kazi. Simama hapo kidogo."

Amsey akasimama hapo kidogo, kwa adabu tu, na bwana yule akapiga picha zake na kutushukuru. Tulipofika mbali Amsey akaniuliza, "Alidhani mimi ni nani?"

"Alidhani wewe ni mtu anayejifanya wewe."

Akafikiri. "Na anayeigiza mimi analipwa?"

Kwenye kamba walinipa nafasi kwa sababu ya kibali changu. Kimbunga kilikuwa ng'ambo ya nyasi, rangi ya majani na udongo, kidogo kuliko majirani zake, na Osterhout amesimama kando ya bawa akitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa mlingotini unaoonyesha upepo unakovuma. Soksi ilikuwa imejaa na imelala pembeni kabisa. Mtangazaji kwenye vipaza sauti akasema tuvute subira, pengine isiruke. Watu wakaanza kukunja viti. Nilipaswa kusikitika, lakini nitasema kweli, kitu fulani ndani yangu kilipumua. Tangu asubuhi nilikuwa nashona upya kichwani, mstari kwa mstari. Kuna mshono mmoja chini ya tumbo, karibu na mkia, niliouweka siku nilipokuwa na homa. Mkaguzi aliupitisha. Osterhout aliuvuta kwa kidole akaupitisha. Bado niliuwaza.

"Vipi?" akauliza Amsey.

"Kitani kikipasuka?"

"Uliposhona ulikuwa unafikiria mambo mengine?"

"Hapana. Nilikuwa nafikiria mshono."

"Basi hakitapasuka," akasema, kwa sauti ileile anayosemea kwamba mvua haitanyesha. Na mimi, ambaye mvua yake imeninyeshea mara nyingi, nikatulia.

Upepo ukashuka mchana ulipokuwa unageuka jioni. Soksi ililegea, ikajaa, ikalegea kabisa. Osterhout akapanda. Propela ikazunguka kwa uvivu, ikakohoa, moshi wa buluu ukatoka mbavuni, halafu injini ikashika. Bandani nilikuwa nimeisikia ikijaribiwa, lakini pale kuta zilikuwa zinakula nusu ya sauti. Hapa ilikuwa na uwanja wote. Ilikuwa sauti nzito na laini kwa wakati mmoja, kama hariri nene inayochanwa bila kuisha.

Kilikwenda kikiyumba kushoto na kulia, maana pua yake ni ndefu na rubani haoni mbele akiwa chini. Kikafika mwisho wa njia. Kikageuka. Ngurumo ikapanda, kikaanza kukimbia, na mkia ukainuka kwanza. Mkia wangu. Nikaona mwanga mwembamba kati ya tairi na lami, mwembamba kama ukingo wa kisu, kisha ule mwanga ukapanuka, na chini yake hakukuwa na kitu tena. Magurudumu yakajikunja, moja likifuata jingine, kama ndege wa kweli anavyokusanya miguu.

Kilikwenda ziwani kikawa nukta. Kikarudi kutoka upande wa jua. Ndege ikikujia uso kwa uso huisikii sana. Inakua tu, inakua, halafu inapita na sauti yote inakumwagikia. Mbele yetu kililala ubavu, kikatuonyesha mgongo wake mzima, na mwanga wa jioni ukapita juu ya kitambaa na kuonyesha fito za ndani, moja moja, kama mbavu za ng'ombe aliyetoka majira ya baridi. Kitani hicho nilikipiga pasi jikoni kwangu. Nilikikata nikiwa nimekibana kwa vibanio vya nguo kwenye meza anayolia supu Amsey. Na sasa upepo unaoweza kumng'oa mtu mkono ulikuwa unakipiga, nacho kimekaza, hakitikisiki, kimekuwa ngozi ya kitu kilicho hai. Nilijua kwa mikono yangu kila inchi yake, na bado nilikitazama kama kitu ambacho sijawahi kukiona na ambacho hakuna mtu angeweza kukitengeneza.

Waliokuwa wamekunja viti walisimama navyo kwapani. Hata mtangazaji, aliyekuwa hajafunga mdomo tangu asubuhi, alikuwa amenyamaza.

Nilipogeuka kumtafuta Amsey, alikuwa amevua kofia. Ameishika kifuani kwa mikono miwili, uso ameuinua, nywele zake chache nyeupe zinapepea. Nimemwona kaka yangu akimzika mkewe. Nimeliona ghala lake likiungua. Nimemwona akiwekewa mikono kuwa shemasi. Uso ule sikuwa nimewahi kuuona, ulikuwa wa mtoto wa miaka sita.

Kimbunga kilipita mara ya mwisho, juu zaidi, kikapunga mabawa.

"Unalia?" nikamuuliza.

"Vumbi. Na wewe?"

"Dawa ya jicho."

"Inatoka macho yote mawili," akasema.

Kilipotua na propela kusimama, Osterhout alinipungia mkono nivuke kamba. Nikavuka, na Amsey nyuma yangu, kofia bado mkononi. Osterhout alikuwa ametokwa jasho na anacheka peke yake. Alinikumbatia hadi miguu ikaacha ardhi. "Mama Lovina, mkia wako ni kama jiwe," akasema. "Sikuhisi hata mtetemo." Nikamtambulisha kaka yangu. Wakapeana mikono, na Osterhout, ambaye si mjinga, akaitazama ile suti akaacha utani.

"Gusa, mzee," akamwambia. "Bado kina joto."

Amsey akaweka kiganja ubavuni, juu ya kitani. Akakitembeza taratibu hadi alipopata mstari wa mishono, akaufuata kwa kidole kimoja, mshono baada ya mshono, kama anayesoma. Kisha akazunguka hadi mbele ya bawa. Kuna viraka vidogo vyekundu pale, vimebandikwa kwa safu.

"Hivi ni nini?"

"Matundu ya bunduki," nikasema.

"Bunduki zimo?"

"Hazimo. Tumeziba matundu tu."

"Aliyeziba ni wewe?"

"Ni mimi."

Akamgeukia Osterhout. "Nikuulize kitu, usichukie. Hii imewahi kuua mtu?"

Osterhout alifuta mikono kwa kitambaa. "Hii, hapana, kwa tunavyojua. Ilikaa hapa nchini, ikilinda pwani. Lakini iliundwa kwa kazi hiyo, mzee. Sitakudanganya. Ndege dada zake ziliifanya."

"Asante," akasema Amsey. Alivitazama tena vile viraka, na mimi nikasubiri anihukumu, maana nilijua amejinyima nafasi hiyo miaka mitatu. Kumbe alikuwa anajihukumu mwenyewe.

"Nilijua nitaichukia," akasema. "Nilikuwa tayari. Ilipoinuka sikuona bunduki, Lovina. Sikuona vita. Niliona kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na nikafurahi. Hilo ndilo linalonitisha."

Nilimshika mkono wa koti tukarudi garini.

Msururu wa magari ya kutoka ulikuwa hauendi. Tulikaa milango wazi huku jua likishuka juu ya shamba, na Amsey akaniambia jambo ambalo baba hakunieleza mimi. Kule msituni, pwani, wao wakichimba mashimo ya miche, kulikuwa na ndege ya doria iliyopita juu yao karibu kila asubuhi. Wote walikuwa wavulana wa dini, waliotukanwa kwa kukataa vita, na msimamizi wao aliwakataza kuitazama akisema itawapotezea muda. Ikipita, kila koleo lilisimama.

"Baba alisema kila usiku aliomba msamaha kwa kuitazama," Amsey akasema. "Na kila asubuhi aliisubiri."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Sikuwahi kumwelewa."

Picha ya Amsey ilitoka wiki iliyofuata kwenye gazeti la wilaya, safi kabisa, na maelezo chini yake yakisema ni mwigizaji. Kanisani hawakuhitaji maelezo. Wazee wawili walimtembelea jioni moja: mmoja mwenye umri wake, na askofu wao, ambaye alikuwa amepita tisini na anatembea kwa magongo. Amsey alinisimulia yote Jumapili, bila kuficha. Aliwaambia alikwenda, alitazama, alivua kofia. Yule wa kwanza akamuuliza, "Ulimvulia nani?"

"Sijui," Amsey akawajibu. "Nimejiuliza hadi nimechoka. Kama ninyi mnajua mniambie."

Yule mzee wa kwanza akasema watamwombea, Amsey akasema atashukuru. Askofu akageuza kichwa chake upande wa sikio linalosikia.

"Ilikuwa na sauti gani?" akauliza.

Amsey anasema alijaribu kumweleza. Alianza na hariri, akaacha. Akaenda kwenye radi ya mbali, akaacha. Mwishowe akagonga meza kwa vidole vya mikono yote miwili, haraka na kwa upole, askofu akiwa ameweka kiganja chake juu ya meza hiyo ili apate kuihisi. Walikaa vile mpaka kahawa ikapoa.